Cherehani na Kiberiti

Mkaguzi alifungua mwavuli tu, basi. Mwavuli mweusi wa kawaida, wa kujikinga mvua. Alikuwa amesimama hatua kumi na tano kutoka kwenye gari la farasi, na alitangulia kusema kwamba sasa anafungua mwavuli, ili mwenye farasi ajiandae. Mwenye farasi alijiandaa. Farasi hakujiandaa. Alinyanyua miguu ya mbele juu, akageuka na gari zima, akaipitia meza ya wakaguzi, makaratasi yakatawanyika uwanja mzima, na alipokuja kusimama alikuwa amejibana ukutani upande wa pili, gurudumu moja limepinda, jasho linamtiririka utafikiri amekimbia tangu jana.

Mwenye farasi alimfuata mbio, na huku anakimbia alikuwa anasema. "Tulia mama, tulia, hamna kitu, mwavuli tu huo, mwavuli unaujua wewe, juzi si nilikuwa nao, tulia, usinifanyie hivi mbele za watu, tulia, tulia, tulia." Alisema mpaka akamfikia, akaendelea kusema alipomshika hatamu, na kadiri alivyosema ndivyo farasi alivyozidi kutoa macho.

Mkaguzi, mwanamke mrefu mwenye miwani, aliokota karatasi yake chini, akaikung'uta vumbi, akaandika neno moja.

"Una wiki sita, mama," alisema. "Akishindwa tena hataruhusiwa barabarani, na njia yako tutampa anayefuata kwenye orodha."

Mwanamke huyo mwenye farasi watu walimwita Cherehani. Jina hilo alipewa shuleni, kwa sababu ulimi wake ulikwenda kama sindano ya cherehani, juu chini, juu chini, bila kuinuliwa kwenye kitambaa. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa na hakuna aliyekumbuka kumwita vingine. Aliongea na majirani, aliongea na waokaji mikate, aliongea na sufuria likichelewa kuchemka. Mumewe alikuwa mtu wa maneno machache sana, na wote wawili walisema ndoa yao ilidumu kwa sababu hiyo: mmoja anashona, mwingine anakata uzi.

Kwa miaka ishirini na miwili mume huyo alikuwa na gari la farasi. Alipeleka magunia ya unga kwenye maduka ya mikate ya sehemu ya zamani ya mji, kule ambako vichochoro ni vyembamba na malori yamepigwa marufuku, na mtu akihama nyumba alimbebea kitanda na kabati. Alipofariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo, kila mtu alijua mjane atauza gari. Mjane hakuuza. Wiki tatu baada ya mazishi alipanda kwenye kiti cha mbele, akashika hatamu, akapeleka unga. Farasi wao alikuwa mzee aliyeijua njia kuliko mtu yeyote, anasimama mwenyewe kwenye kila mlango wa duka la mikate na kuondoka mwenyewe akisikia mlango wa gari umefungwa. Kwa farasi kama huyo Cherehani aliweza kuongea kutwa nzima na asiharibu kitu.

Lakini magoti ya mzee yalichoka, akapelekwa kupumzika shambani kwa rafiki wa familia, na mahali pake akaja Kiberiti. Alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia, mwenye miguu mirefu na shingo nzuri, aliyekataliwa kwenye uwanja wa mashindano kwa sababu hakukubali kuingia kwenye lango la kuanzia mbio. Jina hilo alipewa na Shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa na gari lake la farasi na maoni yake juu ya kila kitu. "Huyu ukimsugua kidogo tu anawaka," alisema. Kiberiti aliogopa mfuko wa nailoni ukipeperuka. Aliogopa ndoo ikiwa imehamishwa kutoka upande huu wa mlango kwenda upande ule. Aliogopa kivuli chake mwenyewe asubuhi, mchana akakizoea, jioni kikirefuka akakiogopa upya. Cherehani alimpenda mara ya kwanza alipomwona, na hakuweza kueleza kwa nini, jambo ambalo kwake lilikuwa nadra.

Jioni ya siku waliyoshindwa, Shemeji alikuja uani na kamba mpya begani.

"Shemeji, wewe unambembeleza mno," alisema. "Huyu dawa yake ni kumfunga kwenye nguzo, umpigie makelele mpaka achoke mwenyewe. Atazoea. Sanamu wangu nilimfanyia hivyo hivyo, leo hata bomu lilipuke, hapepesi jicho."

Sanamu alikuwa farasi wake, dume kubwa la kijivu, na sifa zake Shemeji alizitoa kila siku kama mtu anayenyunyizia bustani.

Cherehani alisita, lakini wiki sita si nyingi. Walimfunga Kiberiti kwenye nguzo katikati ya uwanja. Shemeji akachukua makopo mawili, akayagonganisha. Kiberiti alirudi nyuma mpaka kamba ikakaza, akatetemeka mwili mzima, na Cherehani alisimama mbele yake akimwambia atulie, ni makopo tu, yatakwisha, atulie. Shemeji akagonga tena kwa nguvu zaidi. Nguzo iling'oka. Kiberiti akaanguka ubavu, akainuka, akazunguka uwanja huku nguzo inamfuata kwenye kamba na kumpiga miguuni, na hakuna kitu duniani kingeweza kumtisha kuliko nguzo inayomkimbiza. Ilichukua nusu saa kumkamata. Mguu wa nyuma ulikuwa na jeraha la urefu wa kidole.

"Siku ya kwanza huwa hivyo," alisema Shemeji, akihema.

"Hakuna siku ya pili," alisema Cherehani. "Chukua kamba yako, shemeji. Asante kwa nia njema, lakini ichukue."

Aliosha jeraha kwa maji ya chumvi, na huku anaosha aliomba radhi kwa maneno mia tatu, na farasi akatetemeka kwa yote mia tatu.

Baada ya hapo mambo yaliharibika kweli. Kiberiti hakutaka kushikwa. Akisikia hatua za Cherehani zikitoka jikoni, alikwenda kusimama kona ya mwisho ya banda, matako yake yakielekea mlangoni. Fundi wa kwato alikuja kubadilisha vyuma vilivyolika, akajaribu kuinua mguu mmoja, akarushwa mpaka kwenye rundo la nyasi kavu. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye aproni ya ngozi iliyojaa alama za moto. Alikaa pale kwenye nyasi muda kidogo akifikiria.

"Mama, mimi nimekuja kupiga misumari," alisema hatimaye. "Sikuja kupigwa. Akiweza kusimama, niite."

Wiki moja ikawa imepita, zikabaki tano. Halafu Cherehani akapoteza sauti.

Ilianza kama kikohozi, ikawa mkwaruzo, na asubuhi moja alifungua mdomo kumwamsha binti yake, kikatoka kitu kama mlango wenye kutu. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la dawa, hakutaka kujaribu kumtibu mwenyewe. Alimpeleka kwa daktari wa koo. Daktari akampiga mwanga kooni, akatazama, akatikisa kichwa.

"Nyuzi za sauti zimevimba, na mmoja umeshaanza kidonda," alisema. "Siku kumi. Usiseme hata neno moja. Na kunong'ona usinong'one, kunong'ona kunaumiza zaidi. Ukisema, unaweza usiipate sauti tena."

Cherehani alimtazama binti yake. Binti akatazama dari, maana angemtazama mama yake angecheka.

Alinunuliwa daftari dogo na penseli iliyofungwa kwa uzi, akavivaa shingoni. Siku ya kwanza alijaza kurasa kumi na moja. Siku ya pili mkono ulimuuma, akaandika yale ya lazima tu. Nyumba ilikuwa kimya mpaka binti akasema anaisikia saa ya ukutani, na hakuwahi kujua kama ile saa ina mlio. Shemeji alikubali kumpelekea unga kwa siku hizo kumi. Lakini farasi ni farasi, anahitaji maji, nyasi na kufagiliwa, sauti iwepo isiwepo.

Mara ya kwanza kuingia bandani bila sauti, Cherehani aligundua kwamba hajui namna ya kuingia. Siku zote alianza kuongea tangu jikoni na kufika mlangoni bado anaongea. Sasa hakuwa na la kutanguliza. Akaogopa kumshtua, kwa hiyo alisimama nje ya mlango mdogo, ndoo mkononi, akangoja aonekane. Alingoja sana. Kiberiti alikuwa amempa matako kama kawaida. Baada ya muda sikio moja lilizunguka likaja upande wake. Halafu la pili. Halafu kichwa kikageuka polepole, na farasi akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyesahau kubisha hodi.

Akiwa amesimama pale bila cha kusema, Cherehani aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: alikuwa hapumui. Alikuwa amebana pumzi kifuani, mabega yamepanda karibu na masikio, vidole vimeng'ang'ania mpini wa ndoo mpaka vimekuwa vyeupe. Alikuwa anaogopa. Alishangaa, kwa sababu kama ungemuuliza angekuapia kwamba haogopi farasi hata kidogo. Akashusha mabega. Akaachia pumzi yote, ndefu, kama mtu anayetua gunia.

Kule konani Kiberiti naye akatoa pumzi, akatikisa midomo, na kichwa chake kikashuka kidogo.

Cherehani alidhani ni bahati. Akabana pumzi makusudi, akainua mabega. Kichwa kikapanda, masikio yakasimama. Akaachia tena. Kichwa kikashuka. Alitaka kupiga kelele kumwita binti yake aje aone, akakumbuka, akauma mdomo, na machozi yakamtoka bila sababu aliyoijua.

Kuanzia siku hiyo alikaa bandani saa nyingi kuliko jikoni. Hakufanya kitu kikubwa. Alisimama kando ya bega la farasi, si mbele yake, na hakumkazia macho. Akimwona amekaza shingo, alirudi nyuma hatua moja na kutoa pumzi, na akilegea alisogea hatua moja. Siku ya nne Kiberiti alimsogelea mwenyewe, akamnusa shingoni kwenye lile daftari, akalilamba, akaliona halina ladha, akaacha kichwa chake kimelala kwenye bega la mwanamke. Kilikuwa kizito kuliko alivyotegemea. Alibaki amekibeba mpaka mguu ukamfa ganzi na hakuthubutu kuusogeza.

Siku ya sita alipitisha mkono kutoka begani mpaka kwenye goti, kutoka goti mpaka kwenye kwato, na mguu ukainuka wenyewe mkononi mwake. Siku ya nane alimwandikia fundi wa kwato aje.

Fundi alikuja na sanduku lake na tahadhari zote, akasimama karibu na rundo la nyasi kama anayechagua pa kuangukia. Cherehani alishika hatamu kwa vidole viwili, akasimama begani, akapumua. Fundi akainua mguu wa kwanza. Akang'oa chuma, akasugua kwato, akapiga misumari. Akainua wa pili. Alipomaliza wa nne alisimama, akafuta jasho, akamtazama farasi, akamtazama Cherehani.

"Mama, umempa dawa gani?"

Cherehani akachukua penseli, akaandika: *Nimeumwa koo.*

Siku ya kumi na moja asubuhi, daktari alimruhusu aongee. Alirudi nyumbani karibu anakimbia, kwa sababu alikuwa na maneno ya siku kumi na mtu aliyetaka kumpa kwanza alikuwa bandani. Alifungua mlango na kusema, "Kiberiti mwanangu, kumekucha, nimerudi, hujui nilivyokumisi, sasa tutafanya kazi mimi na wewe, tulia tu, tulia." Kiberiti aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Alikwenda kona ya mwisho, akageuza matako, akatetemeka.

Cherehani alinyamaza katikati ya neno. Akageuza ndoo, akaikalia.

Binti yake alimkuta pale pale, bado ameshika mkoba aliotoka nao kwa daktari.

"Ni mimi," alisema Cherehani kwa sauti ya chini. "Muda wote huu. Si mwavuli wala makopo. Ni mimi."

"Si wewe, mama."

"Kama si mimi ni nani? Siku kumi nimenyamaza, amekuwa kama kondoo. Nimefungua mdomo, unamwona."

Binti alivuta ndoo nyingine akaketi.  "Usikasirike. Lakini hata mimi, tangu mdogo, ukianza kuniambia 'usiogope, usiogope, hakuna kitu,' ndipo naanza kutafuta kitu gani hicho. Unasema tulia kama mtu anayekimbizwa."

Cherehani alitaka kubisha, na akawa na hoja tatu tayari. Lakini akakumbuka ile barabara ndefu ya kwenda hospitali, mumewe amelala nyuma ya gari la wagonjwa, na yeye amemshika mkono akimwambia tulia, tunafika, tulia, hakuna kitu, bila kupumzika, kwa sababu aliona akinyamaza tu atasikia jambo ambalo hakutaka kulisikia. Tangu siku ile hakuwa amenyamaza tena mpaka koo lilipomlazimisha. Alilia kidogo, binti yake akamshika bega, na farasi akageuza sikio moja kuwasikiliza.

"Haya," alisema baadaye, akijifuta uso na kanga. "Nimebakiza wiki tatu na kidogo. Nisaidie kuandika vitu anavyoviogopa."

"Karatasi itatosha?"

"Andika pande zote mbili."

Waliandika vitu thelathini na saba. Mwavuli ulikuwa wa kwanza. Cherehani aliuegemeza ukiwa umefungwa kwenye ukuta wa mbali, akauacha siku mbili mpaka Kiberiti akaacha kuula kwa macho. Kisha akaubeba, lakini hakumpelekea. Aliondoka nao. Alitembea uwanjani akimpa farasi mgongo, mwavuli mkononi, na Kiberiti, ambaye maisha yake yote vitu vilikuwa vinamjia, hakuwahi kuona kitu kinachomkimbia yeye. Alisimama akifikiri. Akapiga hatua. Akafuata. Siku ya tatu ya mchezo huo alikuwa anausukuma mwavuli kwa pua. Cherehani akaufungua kidogo, upana wa sahani, akaufunga kabla farasi hajaamua kuondoka. Akaufungua upana wa sinia. Jumapili hiyo jirani aliyechungulia juu ya ukuta alimwona mwanamke mzima anatembea duara kwenye jua kali chini ya mwavuli wazi, na farasi kichwa chini anamfuata nyuma, na akaenda kusimulia kwamba Cherehani amechanganyikiwa.

Mfuko wa nailoni ulikwenda vivyo hivyo, na kifuniko cha pipa, na ufagio, na redio. Sauti yake pia ilikuwamo kwenye orodha. Binti aliiandika namba thelathini na saba, na Cherehani hakuifuta. Aliirudisha taratibu kama mwavuli. Kwanza aliguna tu kooni, mlio mmoja wa chini. Halafu neno moja kwa pumzi ndefu. Halafu mawili. Aligundua kwamba akitaka kuongea polepole ni lazima kwanza asiwe na haraka, na hilo lilimchukua muda kuliko vitu vyote thelathini na sita vilivyotangulia.

Siku tisa kabla ya ukaguzi walikuwa wanapanda kichochoro chenye mwinuko na magunia manane, pikipiki ikapiga mlipuko nyuma yao. Kiberiti aliruka. Gari likagonga ukuta, gunia moja likapasuka, unga ukamwagika mawe yote. Cherehani alihisi maneno yote yanapanda kooni kwa pamoja. Akayameza. Akaachia pumzi na kulegeza hatamu. Kiberiti alikuwa amesimama, miguu minne imetanuliwa, anatetemeka, lakini hakukimbia. Aligeuza shingo kadiri mikanda ilivyomruhusu, akamtafuta yeye kwa jicho moja. Cherehani alishuka, akasimama begani pake, wakakaa hivyo mpaka waokaji wawili walipotoka na mafagio. Alikwenda nyumbani akiwa mweupe kwa unga na mwenye furaha kuliko siku yoyote tangu ashike hatamu.

Siku ya ukaguzi uwanja nyuma ya ofisi za mji ulikuwa umejaa. Magari tisa ya farasi yalikuwa kwenye mstari, maana ilikuwa zamu ya ukaguzi wa mwaka kwa wengine pia. Shemeji alikuwapo, Sanamu amesuguliwa mpaka anameta.

"Nakuombea, shemeji," alisema. "Lakini simama mbali na meza, tafadhali."

Wengine walicheka. Cherehani naye alicheka, na hakujibu, na hilo peke yake liliwafanya wageuke kumtazama.

Mkaguzi wa miwani alimtambua. Alisogeza meza nyuma hatua tano kabla ya kuanza. Kiberiti alisimama dakika mbili akipimwa mikanda na magurudumu. Alirudi nyuma alipoambiwa. Alipita kando ya lori linalonguruma, sikio moja kwa lori, moja kwa mwanamke. Kifuniko cha pipa kiliangushwa. Alishtuka ngozi ya mabegani, kama anayefukuza nzi, akabaki. Halafu mkaguzi akachukua mwavuli.

"Nafungua sasa," alisema.

Ulifunguka kwa mlio. Kiberiti alinyoosha shingo, masikio mbele, akapiga hatua mbili kumwelekea mkaguzi, akauweka mdomo wake kwenye kitambaa cheusi na kuusukuma. Mkaguzi alirudi nyuma yeye.

"Anataka utembee nao, afisa," alisema Cherehani. "Amezoea kuufuata."

Kabla mkaguzi hajajibu, sauti ikapasua uwanja. Upande wa pili wa ukuta mafundi walikuwa wakishusha mabati kutoka kwenye lori, na kamba ikakatika, na mabati yote yakateremka kwa mara moja. Mstari wa farasi ulivurugika. Mmoja alipanda ukingo, wawili wakagongana, watu wakaning'inia kwenye hatamu. Sanamu, ambaye hapepesi jicho, alimng'oa Shemeji miguu, akaondoka na gari tupu kuelekea geti lililo wazi, na nje ya geti kulikuwa na barabara kuu.

Kiberiti alitetemeka. Akamtafuta Cherehani kwa jicho. Cherehani akatoa pumzi. "Ndiyo," alisema chini chini. "Nimesikia. Twende."

Hakumpiga wala hakumkimbiza. Alimgeuza na kumtembeza kwa hatua za kawaida, mkato wa uwanja, mpaka gari lao likakaa kuziba geti, na hapo akamsimamisha. Sanamu alikuja mbio, macho yamemtoka, gari linaruka nyuma yake. Mtu mmoja alifumba macho. Kiberiti hakusogea. Alisimama na kichwa chake chini kidogo, akapumua, na farasi mkubwa wa kijivu, alipoona mwenzake amesimama kama yuko malishoni, akapunguza, akayumba, akasimama hatua tatu kutoka kwake. Cherehani alishuka bila haraka. Alimwendea kwa upande wa bega, akaguna ule mlio wake mmoja, akangoja sikio lizunguke, kisha akachukua hatamu kwa vidole viwili.

 Shemeji alifika akichechemea, suruali imechanika goti, na kwa mara ya kwanza tangu amjue hakuwa na maoni.

"Asante, shemeji," alisema.

"Pumua kwanza," alisema Cherehani. "Halafu umshike. Sasa hivi atakusikia moyo."

Mkaguzi alikuja na karatasi yake na mwavuli wake uliokunjwa kwapani. Alimzunguka Kiberiti mara moja, akatazama geti, akatazama barabara na malori yanayopita nje.

"Hili halikuwa kwenye mtihani," alisema.

"Hapana, afisa."

"Basi sina pa kuliandika." Akaweka karatasi juu ya paja, akaandika neno moja, akagonga muhuri mara mbili, na baada ya kufikiri akageuza karatasi na kuandika mistari mitano nyuma. Alimpa mkono, akampa karatasi. Wenye magari wakaanza kupiga makofi, wakakumbuka farasi, wakaacha, wakabaki wamenyanyua mikono juu kimya kimya, watu wanane wazima, na Cherehani aliwatazama mmoja mmoja mpaka kidevu kikaanza kumcheza.

Nyumbani alimsimulia binti yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, mara nne, kwa kasi ile ya zamani, akiigiza mabati, akimwigiza Shemeji, akimwigiza mkaguzi anarudi nyuma, chakula kikapoa mezani, na binti akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha alifungua mlango wa jikoni, akavuka ua polepole na ndoo ya maji, na kusimama kungoja aonekane.

Siku hizi wenye farasi wagumu humletea, hata kutoka miji mingine, na fundi wa kwato ndiye anayewaelekeza njia. Shemeji alikuwa wa kwanza. Alikuja Jumapili na Sanamu, na somo lake la kwanza lilikuwa kukaa juu ya ndoo saa nzima bila kutoa ushauri, akashindwa mara mbili. Lakini asubuhi za kazi Cherehani hana mwanafunzi. Anafunga magunia, anapanda kwenye kiti, na Kiberiti anavuta bila kuambiwa, shingo imelegea, kwato zinagonga mawe ya mwinuko kwa mpigo mmoja, huku waokaji wakiwafungulia milango mmoja baada ya mwingine.